Lipone au Lizikwe

Mwaka ule ulikuwa wa ishirini tangu Mwalimu Taratibu aanze kufundisha watu udereva. Hapana, si kweli, wa ishirini ulikuwa umeshapita. Huo mkewe aliuadhimisha kwa soda mbili na keki iliyoungua upande mmoja, na gari lilikuwepo zima, limeoshwa, limeegeshwa nje. Basi ulikuwa wa ishirini na mbili. Ndiyo, wa ishirini na mbili, mwaka ambao mvua ilikosa adabu ikanyesha hata katika miezi isiyo yake, na barabara zikawa na mashimo ya kufugia bata.

Jina la Taratibu hakupewa na mzazi. Wanafunzi ndio waliompa, kwa kuwa ndilo neno alilolitafuna kutwa nzima. Achia klachi, taratibu. Kata kona, taratibu. Mtu akipiga chafya ndani ya gari, taratibu. Shule yake ilikuwa chumba kimoja cha kupanga kando ya duka la fotokopi, chenye chati ya alama za barabarani iliyopauka hata nyekundu yake ikafanana na chai ya maziwa, na meza aliyochora juu yake njia panda kwa rangi ya mafuta. Vifuniko vya soda ndivyo vilivyokuwa magari. Wapo leo madereva wa malori makubwa, wanavuka mipaka, ambao mara ya kwanza walijua nani ampishe nani kwa kusukuma vifuniko juu ya meza ile.

Na nje lilikaa gari lenyewe. Dogo, la njano, lenye kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa, na ndani, kwenye kiti cha pembeni, lilikuwa na breki ya pili na klachi ya pili kwa ajili ya miguu ya mwalimu. Gari la namna hiyo halipatikani kila kona. Lilikuwa na kibali chake, limekaguliwa, limepigiwa muhuri. Bila gari hilo Mwalimu Taratibu alikuwa mtu mwenye chati ya ukutani na vifuniko vya soda, basi.

Sasa, ajali yenyewe. Hii ndiyo sehemu aliyoona haya kuisimulia, na kwa siku nyingi alisema tu kwamba barabara iliteleza. Iliteleza, ndiyo, lakini si hivyo ilivyokuwa. Asubuhi ile alikuwa peke yake, anapeleka gari kwenye ukaguzi wa mwaka. Miaka yote hiyo alikuwa mtu wa kiti cha pembeni; kwenye usukani alikaa mara mojamoja, kwa haraka, kama mgeni. Akafika kwenye kona ya kiwanda cha mbao. Mbele yake lori limesimama, limejaa mbao, taa zake zinapepesa, unaliona toka mbali kama nyumba. Mwalimu akaliona. Hakushtuka hata kidogo. Akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Lori mbele. Breki sasa. Taratibu." Kisha akangoja. Maana mwalimu mzuri haingilii mapema; humwacha mwanafunzi akanyage mwenyewe, na ni pale tu anapoona hakuna matumaini ndipo mguu wake unapoingia. Akangoja, akangoja, na alipoona hakuna matumaini akakumbuka kwamba mwanafunzi hayupo, na kwamba aliyeshika usukani ni yeye.

Alitoka na mchubuko wa goti na mdomo uliovimba. Lori halikupata hata mkwaruzo wa kusema. Gari la njano lilichomeka pua chini ya mbao likabaki hapo, na kile kibao cha MWANAFUNZI kikaruka kikatua mtaroni, maandishi juu, kila apitaye ayasome.

Mtaa ukapata la kusema. Muuza magazeti alimwuliza kama ule ulikuwa mtihani wa nadharia au wa vitendo. Mwenye fotokopi akaomba apewe kibao akitundike dukani, kwa sababu na yeye bado anajifunza biashara. Mwalimu akacheka nao, mtu angefanya nini, lakini kicheko kilikuwa cha meno tu, tena kilimuuma mdomo.

Gari likakokotwa hadi gereji ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa bodi ambaye watu humwita Nyundo. Nyundo ni mtu mnene, mcheshi, asiyejua kukata tamaa, na hilo la mwisho ndilo linalowachosha wateja wake. Alilizunguka gari, akaligongagonga ubavuni kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Shemeji, hili limejikwaa tu," akasema.

"Limejikwaa?"

"Limejikwaa. Bampa, boneti, rejeta, taa mbili. Wiki tatu unalichukua linang'aa, watu watauliza bibi harusi yuko wapi."

"Na chasi?"

"Chasi nitaisemesha."

Kampuni ya bima nayo ikamtuma mtu wake wa kukadiria hasara, kijana nadhifu mwenye viatu vilivyochukia matope na faili kifuani, ambaye gereji nzima ilimwita Bwana Faili kabla hata hajasema jina lake. Alipiga picha nne, akainama mara moja, akaandika: litengenezwe. Mwalimu akarudi nyumbani roho imetulia. Kesho yake Nyundo akaifungua boneti kwa mtaimbo, na kumbe rejeta imeingia hadi kwenye injini kama mtu aliyemkumbatia mwenzake. Bwana Faili akaitwa tena, akainama mara mbili, akaandika: hasara kamili. Maana yake gari limekufa, kampuni italichukua na kumlipa mwenye gari kile lilichostahili kabla ya ajali. Mwalimu akakaa jioni nzima bila kula. Hajamaliza kuomboleza, simu ikalia: samahani, hesabu ilikosewa, kuna taa zimehesabiwa nne na gari lina mbili. Litengenezwe. Siku mbili baadaye wakagundua egemeo la injini limevunjika. Hasara kamili. Kisha wakapata egemeo lililotumika. Litengenezwe.

Katika muda wa siku tisa gari lile lilikufa mara mbili na kufufuka mara mbili, na kila mara Mwalimu alisafiri na habari hiyo kutoka gereji hadi ofisini, kutoka ofisini hadi nyumbani, akipokewa kila mahali na swali lilelile: sasa imekuwaje? Ilifika mahali akimwona mtu anafungua mdomo, anamjibu kabla hajauliza.

Mwisho akaitwa ofisini rasmi. Ilikuwa ofisi ya vioo, yenye viti vinavyolia ukivikalia na kalamu iliyofungwa kwa kamba isije ikaibwa. Bwana Faili akamweleza kwamba kampuni ina mpaka: matengenezo yakizidi nusu ya thamani ya gari, gari limekufa; yasipozidi, linatengenezwa. Sasa hesabu ya gari la njano, baada ya kujumlishwa na watu watatu, ilikuwa imekaa juu ya mstari wenyewe. Haikuvuka wala haikurudi. Hali kama hiyo haijawahi kutokea, kwa hiyo wakubwa wameamua mwenye gari achague. Akamsukumia karatasi yenye visanduku viwili, kimoja cha kutengeneza na kimoja cha hasara kamili. Atie alama ya vema kimoja tu. Siku saba.

Mwalimu aliigeuza karatasi, akaona nyuma ni tupu.

"Yaani wataalamu ni nyinyi, na mnaniuliza mimi?"

"Mzee, gari ni la kwako."

"Lilikuwa la kwangu hata wiki iliyopita, mlipokuwa mnalizika na kulifukua bila kunishirikisha."

Bwana Faili akafunga faili, taratibu, na hilo likamuudhi Mwalimu zaidi kuliko yote.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa hivi. Likitengenezwa, mwezi ujao shule inafunguliwa, wanafunzi kumi na mmoja waliokatizwa katikati wanarudi, na yeye anaendelea kuwa mwalimu mwenye shule. Likizikwa, malipo ni ya gari dogo kuukuu, si ya gari la kufundishia. Kwa fedha hizo angepata magurudumu matatu na usukani. Ingembidi akaombe kazi kwenye shule kubwa ya magari sita, ng'ambo ya daraja, ambayo mmiliki wake alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu zamani, tena mzito, aliyechukua miezi minne kujua kurudi nyuma.

Mkewe hakuona hata kwa nini jambo hilo lijadiliwe. Yeye hushona sare za shule barazani, na huongea akiwa na pini mdomoni, kwa hiyo maneno yake hutoka machache na makali.

"Baba yao," akamwambia, "ukitia vema kwenye kufa, Jumatatu unaamkia wapi?"

Mwalimu akasema anafikiria.

"Fikiria. Ila ujue fundi ni ndugu yangu, na amesema litapona. Au unasema ndugu yangu muongo?"

Hakusema hivyo. Alichosema ni kwamba ndugu yake ana matumaini mengi. Mkewe akatoa pini mdomoni, ishara kwamba sasa anataka kuzungumza kwa kirefu, na Mwalimu akakumbuka kuwa ana safari ya gereji.

Alikwenda kila siku. Siku ya nne alimtaka Nyundo afanye kile ambacho mafundi wa bodi wote hukijua na wengi hawapendi kukifanya mbele ya mteja. Waliliinua gari juu ya magogo manne, Nyundo akalala chini na uzi wa kujengea, akaufunga kwenye tundu la chasi mbele kushoto, akauvuta hadi tundu la nyuma kulia, akapiga fundo. Kisha akaufunga uzi huohuo mbele kulia, akauvuta nyuma kushoto. Gari lililonyooka, fundo huangukia palepale pa tundu. Fundo la gari la njano lilipita tundu likaendelea na safari.

"Vidole vinne," Mwalimu akasema, amepiga magoti kwenye mafuta machafu.

"Vyako au vyangu?"

"Vyangu."

Nyundo akaweka vyake, vinene kama ndizi. "Kwa vyangu ni vitatu."

"Shemeji, chuma kinajua vidole vya nani?"

"Nitalifunga kwenye nguzo, nilivute kwa mnyororo. Litarudi."

"Litarudi lote?"

Nyundo akatoka chini, akajifuta uso kwa kitambaa kilichomzidi kwa uchafu. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Akasema litarudi la kutosha. La kutosha nini, Mwalimu akauliza. La kutosha barabarani, akajibu; litakuwa linavuta upande kidogo, hasa kwenye breki, ila dereva anaweka mkono hivi, analirudisha hivi, na akaonyesha kwa mikono hewani.

"Utazoea," akasema.

Mwalimu Taratibu akarudi nyumbani kwa miguu na neno hilo kichwani. Yeye angezoea, ni kweli. Mkewe angezoea. Hata kampuni ya bima ilishazoea. Lakini ndani ya gari lile anayeshika usukani ni mtu ambaye hajazoea kitu chochote, na angejifunza kwamba njia iliyonyooka ndiyo hiyo ya kushikilia upande. Kisha angekwenda kwenye gari zima na mazoea hayo mikononi. Na breki. Breki ndiyo iliyomkera. Alijaribu kujiambia kwamba mguu wake upo pale pembeni, utaingia wakati wake. Hapo akakumbuka kona ya kiwanda cha mbao, akasonya peke yake njiani hata mtu mmoja akageuka kumtazama.

Siku ya sita, akiwa amebakiwa na moja, alimkuta gereji mwanafunzi wake, mkunga wa zahanati. Alikuwa mama wa makamo mwenye mikono iliyopokea watoto mamia kwa mamia bila kutetemeka, ila ukimpa usukani mikono hiyo ilikuwa kama ya mtu mwenye homa. Alikuwa amefika somo la nane. Zahanati ilikuwa imepata gari na haina dereva, na wajawazito wa vitongoji vya mbali walikuwa wanaletwa kwenye pikipiki, ndiyo maana alijilazimisha. Sasa alikuwa ameketi ndani ya gari la njano, juu ya magogo, mlango wazi, ameshika usukani na kutazama pale kioo kilipokuwa.

"Mwalimu, magari mengine nayaogopa, hili nimelizoea," akasema. "Likirudi, litakuwa hilihili?"

Neno ndiyo lilifika hadi kwenye meno. Mwalimu alilisikia likigonga. Badala yake akazunguka, akaingia kwenye kiti chake cha pembeni, akafunga mlango ambao haukufungika, na akajikuta anamsimulia mkunga habari ya lori, yote, jinsi alivyosema breki na jinsi alivyongoja. Hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe.

Mkunga alicheka mpaka gari likayumba juu ya magogo. Kisha akatulia.

"Kumbe ulikuwa unanisubiri mimi."

"Nilikuwa namsubiri yeyote."

"Na ile barabara ya kwenda vitongojini," akasema mkunga, "mimi nitakuwa peke yangu. Nyuma nina mama amelala, ana uchungu. Nikikanyaga breki halafu likaenda linakotaka lenyewe?"

Mwalimu alitazama mbele, kwenye ukuta wa gereji, kana kwamba ni barabara. Akamwambia, hata likirudi, halitakuwa hilihili. Mkunga akashukuru, akashuka akishikilia gauni lisichafuke, akaenda zake. Yeye akabaki ndani kidogo, akakanyaga breki yake ya pembeni mara mbili tatu, ikapiga kelele ya chuma kitupu.

Kesho yake akaenda kutia alama kwenye hasara kamili, na hata hapo hawakumwachia afe na uchungu wake kwa heshima. Kwanza kalamu ya kamba ilikuwa imekauka. Akatoa yake, akaambiwa wino uwe mweusi, si wa buluu. Alipotia alama, akaambiwa alete nakala tatu, na mashine ya hapo ni mbovu, kwa hiyo akarudi hadi duka la fotokopi, ambako mwenye duka aliisoma karatasi yote kabla ya kuitoa nakala na hakuomba kibao tena. Aliporudi, Bwana Faili alikuwa amekwenda kula. Mwalimu akakaa kwenye kiti kinacholia kwa saa nzima na nusu, mikononi ana kifo cha shule yake katika nakala tatu.

Nyumbani mkewe alishona siku tatu pini haziondoki mdomoni. Nyundo hakupita hata kusalimia. Alimwambia kila mtu kwamba shemeji yake amemdharau kwa kazi nyepesi ya chuma. Gari la kukokota la kampuni likaja likalichukua gari la njano, na mwezi uliofuata Mwalimu Taratibu akavuka daraja akaajiriwa na mwanafunzi wake wa zamani, ambaye alimpokea vizuri, lazima isemwe, ila alimpa ratiba iliyoandikwa na kumtaka asichelewe. Mkunga alifaulu mtihani kwenye gari la shule hiyo, mara ya pili. Mambo yakaenda.

Yalikwenda hivyo miezi saba. Siku moja mchana, wameegesha kando ya barabara yeye na mwanafunzi, muuza simu mmoja mwenye adabu nyingi, gari jeupe likawapita. Mwalimu hakulitazama rangi. Alitazama linavyotembea. Lilikuwa linakwenda mbele huku limekaa upande, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, kama mtu anayepita ubavu kwenye mlango mwembamba. Na kwenye kona ya chini ya mlango wa nyuma kulikuwa na kibonyeo alichokijua, kilichoachwa na ngazi ya shule yake siku mwanafunzi mmoja alipochanganya gia. Wameupaka mlango wa njano rangi nyeupe pamoja na kibonyeo chenyewe. Kwenye kioo cha nyuma vilionekana vichwa viwili vidogo na mikoba ya shule.

"Lifuate lile jeupe," akasema.

Mwanafunzi akatazama kioo cha ndani. Akatazama cha pembeni. Akauliza kama awashe taa ya kuashiria. Akaambiwa washa. Akaiwasha, akahesabu tatu kama alivyofundishwa, akaingia barabarani taratibu, akaenda hatua ishirini, na kwenye kivuko akasimama kumpisha bibi mmoja ambaye alikuwa hajaamua hata kama anavuka. Bibi akaamua asivuke. Gari jeupe likawa limeshakunja kona.

"Nimekosea, Mwalimu?"

"Hujakosea," akasema Mwalimu. "Umefanya vizuri kabisa."

Jioni ileile alikuwa ofisini kwa Bwana Faili. Akaelezwa kwamba mabaki ya magari huuzwa kwa mnada, ni utaratibu, na kwamba jina la mnunuzi ni siri ya kampuni. Mwalimu akasema jina halitaki, anataka kujua jambo moja tu, na akalisema. Bwana Faili akafungua faili, akalifunga, akamshauri aandike barua. Akaiandika, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, nakala tatu, wino mweusi, ikagongwa muhuri kwamba imepokelewa. Alimwuliza Nyundo, ambaye aliapa kwamba si yeye aliyelinyoosha, na hapo hakuwa ameulizwa hilo. Kisha akashika nyundo akaendelea kugonga kwa nguvu kuliko kazi ilivyotaka. Alimwuliza polisi wa barabarani, akaambiwa ataje namba, na namba ilikuwa imeshabadilishwa. Alimwuliza mkewe, ambaye alitoa pini zote mdomoni, akazishika kiganjani, kisha akazirudisha mdomoni moja moja.

Barua ile ilikuwa na swali moja tu, na mpaka leo hakuna aliyemjibu: anayeliendesha sasa, kuna mtu aliyemwambia?